Mtoto Akikosa Kikapu, Tusiharakie Hukumu

Wiki iliyopita kaka yangu alinijia akiwa na azma ya kumwondoa mwanawe katika mpira wa kikapu. Kijana huyo ana miaka 14. Mwezi mmoja uliopita kocha wake alimbadilishia namna ya kurusha, na tangu hapo hata mipira aliyokuwa akiifunga kwa urahisi inamkosa. "Mdogo wangu, huyu hakujaaliwa," akaniambia. "Kulenga kwa mbali mtu huzaliwa nako."

Nilimwomba kwa heshima asubiri, kwani yapo mambo yanayopinga kauli hiyo.

Tumtazame Brook Lopez, mchezaji mrefu wa ligi ya NBA ya Marekani. Katika misimu yake minane ya mwanzo alifunga mitupo 3 tu ya pointi tatu. Msimu wa 2016/17, akiwa na miaka 28, alifunga 134. Ni kweli kwamba hapo awali hakuwa akijaribu sana. Lakini hakuna kocha amwachiaye mchezaji kurusha mara mamia kabla hajajifunza.

Kisa cha Stephen Curry kinamgusa zaidi kijana wetu. Alipokuwa shule ya sekondari alirusha mpira kutoka chini, karibu na kiuno, na ilikuwa rahisi kuzuiwa. Baba yake, Dell Curry, naye mlengaji hodari wa NBA, alimfundisha upya kuurushia juu ya kichwa. Kiangazi kile kilikuwa kichungu: kwa muda mrefu hakuweza kufunga ila akiwa karibu kabisa na kikapu. Mwezi Desemba 2021 kijana huyo huyo aliivunja rekodi ya NBA ya mitupo ya pointi tatu. Lau baba angehukumu katika wiki zile za kushindwa, angehukumu vibaya.

Hata hivyo, si kila mazoezi hujenga. Mazoea hujenga tabia, na mazoea mabaya hujenga tabia mbaya. Mtoto anayerusha mara 200 kwa siku huku kiwiko kimepinda, huuimarisha upungufu wake. Mstari wa pointi tatu katika michezo ya kimataifa uko mita 6.75 kutoka kikapuni. Kijana ambaye miguu yake haijapata nguvu hulazimika kuusukuma mpira kwa mabega, na umbo zima la mtupo huharibika. Kwa hiyo na aanzie karibu, miguu, kiwiko na kiganja vikishazoea kazi yake arudi nyuma hatua moja. Arushe 50 kutoka sehemu moja, aandike alizofunga, kisha alinganishe wiki kwa wiki. Baadaye ajaribu akiwa amechoka, na akiwa na mpinzani mbele yake.

Mipaka nayo ipo. Giannis Antetokounmpo anasifika kwa bidii, lakini kwa wastani hafungi hata mitupo 3 kati ya 10 ya mbali. Hilo halikumzuia kutwaa ubingwa mwaka 2021, kwa kuwa mchezo una milango mingi.

Kaka amekubali kungoja hadi mwisho wa msimu, nami nimempatia kijana daftari. Juma la kwanza ameandika 11 kati ya 50. Wazazi wenzangu, tuusome ukurasa wa mwisho wa daftari kabla ya kutoa hukumu.