Muhogo Mzuri kwa Nje



Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wanunuzi wa mihogo katika mitaa ya Kariakoo waijua methali hiyo bila ya kufundishwa. Mtu huchagua fungu lililonona, lenye ganda safi, akalibeba hadi nyumbani. Akitia kisu, hukuta nyama nyeupe imejaa mabaka ya kahawia, makavu na magumu. Fedha imekwisha kwenda, na watoto wangoja chai.

Ugonjwa huo ni michirizi ya kahawia, wala si mgeni kwetu. Mtaalamu H. H. Storey wa kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, aliueleza mwaka 1936. Huletwa na virusi vinavyoenezwa na nzi weupe, na husafiri mbali zaidi ndani ya vipando ambavyo wakulima hupeana. Dalili za majani huweza kuwa hafifu mno, hata mkulima asitambue msiba wake mpaka siku ya kuvuna.

Mmea uliokwisha kuugua hauna dawa ya kuuponya. Tegemeo kubwa ni aina za mihogo zinazoustahimili ugonjwa. Ili kuzipata, watafiti hung'oa mizizi, huikata vipande, kisha hukipa kila kipande alama, kuanzia 1 kwa kilicho safi hadi 5 kwa kilichoharibika sana. Hapo ndipo penye shaka. Watu wawili hutazama kipande kimoja, mmoja akatoa 2, mwenziwe akatoa 3. Jicho la asubuhi si jicho la alasiri baada ya kutazama mamia ya vipande. Na alama ikikosewa, aina dhaifu yaweza kusifiwa ikapelekwa mashambani.

Mwaka 2020 watafiti wa maabara ya akili bandia ya Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, walieleza namna ya kuikabidhi kompyuta kazi hiyo. Picha ya simu ni mkusanyiko wa nukta ndogo sana. Programu hufundishwa kwa picha ambazo watu wamekwisha kuonyesha mabaka yalipo, kisha yenyewe huamua kila nukta ni ya nyama nzima au iliyooza. Kinachobaki ni hesabu. Tuseme kipande kina nukta 20,000, na 3,000 miongoni mwake ni za uozo: uharibifu ni asilimia 15. Hapo neno "kidogo" au "kiasi" halina kazi tena.

Urefu wa mzizi nao hupimwa vivyo hivyo. Weka rula kando ya mzizi, piga picha. Ikiwa sentimita 1 ya rula ina nukta 40, mzizi wenye nukta 1,000 una sentimita 25. Watoto wako waweza kujaribu kwa mche wa maharage, kwa kutumia ImageJ, programu ya bure iliyotoka katika taasisi za taifa za afya za Marekani.

Lakini tusiifanye mashine mganga. Kivuli au tope huweza kuhesabiwa kuwa uozo. Kamera ikiinama, vipimo huharibika. Tena aliyeifundisha ni binadamu, na makosa yake huirithi.

Basi wewe mfanyakazi wa mjini mwenye kishamba Mkuranga, Kisarawe au Kibaha, shika hili: usichukue vipando kwa kuvutiwa na majani ya shamba la jirani. Mwulize ofisa ugani vilipo vipando vilivyokaguliwa. Na siku ya kuvuna, kata mizizi michache ya kila aina uliyopanda, uipige picha pamoja na rula, uandike tarehe. Mwaka ujao utachagua cha kupanda kwa ushahidi, wala si kwa kukisia, na atakayenunua fungu lako pale Kariakoo hatakulaani.