Sakafu Ndiyo Iamue Mchumo

Wanachama wenzetu,

Kila msimu unapokaribia, maswali yanayoletwa ofisini kwetu ni mawili: wachumaji watapatikana wapi, na bei itakuwaje. Hayo ni maswali ya haki. Lakini lipo la tatu ambalo ni nadra kuulizwa, nalo twaona ndilo linalowatia wengi wetu khasara: karafuu ikishashuka mtini, italala wapi?

Sote twajua yanayotokea. Tumba zinapoanza kuona wekundu, kila mwenye shamba hutaka kuchuma siku ile ile. Wachumaji hugombewa, ujira hupandishwa, na mizigo hushuka kutoka mashambani kwa pamoja. Haupiti muda sakafu zimejaa. Karafuu mbichi iliyokwisha kuchambuliwa hubaki ndani ya magunia au hurundikwa pembeni mwa nyumba, ikapata moto. Inapokuja kuanikwa haiwi tena karafuu ya daraja. Huwa mpeta, nyepesi na iliyosinyaa. Lawama hapo si ya jua wala ya mti. Ni kwamba kazi mbili, kuchuma na kuanika, hazikupangwa pamoja.

Jambo hili si la karafuu peke yake. Tangu kumalizika Vita Vikuu vya Pili, wataalamu wa vyuo na wa viwanda wameshughulika sana na ilimu ya kupanga kazi za uzalishaji: lini kazi ianze, nani atangulie, na kiasi gani kiingizwe kwa siku. Huenda wako watakaosema kuwa hayo ni mambo ya viwanda vya chuma, hayatuhusu sisi wakulima. Basi na tuanze na mfano wa shamba.

Katika jimbo la New Jersey, Marekani, palikuwa na shamba kubwa liitwalo Seabrook Farms, lililolima mboga na kuzigandisha kwa baridi katika kiwanda chake. Zao lake moja kubwa lilikuwa njegere. Wenye shamba walipanda kwa kupishanisha siku, wakitaraji njegere nazo zitaiva kwa kupishana. Haikuwa hivyo. Zilizopandwa wakati wa baridi zilikua polepole, na zilizofuata, kwa kuwa zilikuta joto, zikakimbia mpaka zikazifikia za mwanzo. Joto likashika, mashamba mengi yakaiva kwa pamoja, na kiwanda kikazidiwa. Na njegere ni kama karafuu yetu: haingoji. Ikipita wakati wake huwa ngumu na thamani yake hushuka.

Mwaka 1946 aliajiriwa hapo mtaalamu wa hali ya hewa, Bwana Thornthwaite. Yeye hakuwaambia waongeze mashine wala watu. Alipima ni kiasi gani cha joto kila aina ya njegere huhitaji tangu kupandwa mpaka kuiva, akatengeneza kalenda isiyohesabu siku bali ukuaji wa mmea wenyewe. Kisha akapanga upandaji hivi kwamba kila siku ya mavuno iwe na mzigo ambao kiwanda kinaweza kuumeza. Mwaka 1953 aliandika makala juu ya kazi hiyo, na wenye ilimu hii waliisoma.

Ni kweli kwamba sisi hatupandi mkarafuu kila mwaka, wala hatuwezi kuuambia uchelewe. Lakini somo lake latufaa. Kwanza, kalenda ya kweli ni ya mmea, si ya ukutani. Kila mwenye shamba ajua miti yake ipi hutangulia na ipi huja nyuma. Ajua bondeni kukoje na juu ya kilima kukoje. Ujuzi huo umo vichwani mwa wazee wetu, nao haujaandikwa mahali pamoja ukatumika kwa faida ya wote. Pili, mzigo hupimwa kwa mahali unapokwenda, si kwa mahali unapotoka.

Sasa, nani atangulie? Mwaka 1955 mtaalamu wa Marekani aitwaye Jackson alionyesha kanuni nyepesi. Ikiwa kazi nyingi zangoja mashine moja, na kila kazi ina siku yake ya mwisho, basi anza na ile ambayo siku yake ya mwisho iko karibu zaidi, kisha inayofuata. Kanuni hii haiahidi kwamba hapana atakayechelewa. Yaahidi kwamba yule atakayechelewa kuliko wote, kuchelewa kwake kutakuwa kudogo kadiri inavyowezekana.

Tuliangalie hilo kwa macho yetu wenyewe. Siku ya mwisho ya karafuu ni siku tumba zinapofunguka. Kwa desturi yetu ya sasa, kikosi cha wachumaji humwendea kwanza mwenye fedha taslimu mkononi, hata kama tumba zake zaweza kungoja wiki nzima. Mjane mwenye miti kumi na miwili, tumba ziko tayari, hungoja mpaka zinachanua. Aliyetangulia hakupata faida kwa kutangulia, na aliyecheleweshwa amepoteza mwaka. Hiyo si biashara, ni kupoteza mali ya kisiwa.

Na kiasi gani kichumwe kwa siku? Hapa iko hesabu ambayo Bwana John Little aliithibitisha mwaka 1961, na ambayo leo yatumika viwandani na mahospitalini. Vitu vilivyomo mahali ni sawa na vinavyoingia kwa siku mara siku vinazokaa. Chukua mathalan sakafu yako yachukua magunia 10 ya karafuu mbichi, na kwa jua zuri karafuu hukaa siku 5. Kumi kwa tano ni mbili: basi haki yako ni kuchuma magunia 2 kwa siku. Ukichuma 4, siku ya tatu una magunia 12 na nafasi ya 10. Mawili hayana pa kulala. Na mawingu yakishika, karafuu ikakaa siku 10, haki yako imeshuka mpaka gunia 1. Hesabu hii mtoto wa skuli aweza kuifanya, lakini wangapi kati yetu wameifanya kabla ya kuita wachumaji?

Kutokana na hayo twatoa rai yetu wazi. Aliye na sakafu ndogo asiongeze wachumaji; aongeze mahali pa kuanikia. Kumlipa mtu ashushe karafuu itakayooza ni kulipa mara mbili.

Tumekwisha kusikia majibu ya wanaotupinga, nayo yastahili kujibiwa kwa heshima.

Wako wasemao kwamba mavuno ni kudura ya Mwenyezi Mungu, hayapangwi. Twaamini kudura. Lakini Nabii Yusufu, amani iwe juu yake, alijua kwamba miaka ya neema itafuatwa na miaka ya dhiki, akaamuru nafaka iwekwe akiba. Hakukaa akangoja. Na sisi tulio na zao ambalo mwaka huu hujaa na mwaka wa pili hupunguka, kisa chake chatuhusu kuliko wengi.

Wako wasemao kwamba anayengoja zamu yake atachumiwa na wezi. Khofu hii ni ya kweli. Lakini zamu ikijulikana na watu wote, mzigo utakaoonekana njiani kutoka shamba lisilokuwa na zamu utaulizwa. Katika vurugu ya wote kuchuma siku moja, nani amuulize nani?

Na wako wenye mashamba makubwa wasemao, kwa nini tungoje ilhali tuna fedha? Twawajibu kwamba sakafu zao nazo zina mpaka. Tena mchumaji anayeharakishwa huvunja matawi, na tawi lililovunjika leo halitazaa msimu ujao.

Basi twaliomba kila tawi la chama lifanye mambo matatu kabla ya msimu kufunguka. Kwanza, kila mwanachama apime sakafu yake na majamvi yake, na kumwandikisha katibu wa tawi ni magunia mangapi yaweza kuanikwa kwa wakati mmoja. Pili, litundikwe bao mahali pa wazi, mashamba yaandikwe kwenda chini na siku kwenda kando, kila shamba lipewe siku zake kwa kufuata tumba zilizo karibu kufunguka, wala si kwa ukubwa wa mwenyewe. Bao hilo likaguliwe kila baada ya siku mbili, kwa sababu mti haukutia sahihi mkataba nasi. Tatu, sakafu iliyo tupu isikae tupu: mwenyewe aiazime kwa ada iliyokubaliwa mkutanoni, ili asiye na sakafu asilazimike kukubali bei yoyote atakayotajiwa siku ya shida.

Hayo hayahitaji mashine wala mkopo. Yahitaji chaki, bao, na watu wazima waliokubaliana na wakaheshimu walilokubaliana. La mwisho hilo ndilo gumu, twajua. Lakini chama ambacho wanachama wake hawawezi kupeana zamu ya kuchuma, hakina haki ya kulalamika juu ya bei.

Haraka haraka haina baraka. Na tupime sakafu kwanza, ndipo tuite wachumaji. Mwenyezi Mungu atujaalie msimu wa kheri.

Katibu wa Chama