Washauri wa uraibu wafundishwe, tena kwa lugha ya wagonjwa

Tangu Septemba 2017, Warundi zaidi ya 100,000 wamerejea nyumbani kutoka Tanzania, wakiwemo vijana waliozaliwa au kukulia kambini. Walipovuka mpaka walipewa posho ya kuanzia maisha. Ni wachache waliowauliza wamerudi na mzigo gani moyoni.

Baadhi yao leo wamezama katika kanyanga, bangi na, huko Bujumbura, heroini ambayo vijana huiita boost. Mfanyabiashara wa Kobero anawafahamu. Ni yule mpagazi aliyembebea magunia kwa uaminifu, na sasa haachiwi hata baiskeli. Mara nyingi jibu letu limekuwa matusi au polisi.

Uraibu ni maradhi, na maradhi yanataka mtu aliyesomea. Kumkemea mlevi si ushauri nasaha. Mshauri hufundishwa kusikiliza bila kuhukumu, kutunza siri, kutambua kinachomrudisha mtu kwenye ulevi, na kuiandaa familia impokee. Hufundishwa pia mipaka ya kazi yake. Aliyekunywa pombe kali kila siku kwa miaka mingi, akiachishwa ghafla, anaweza kushikwa na degedege na kufa. Huyo apelekwe hospitali kwanza. Ndugu wasiolijua hilo humfungia chumbani kwa nia njema, na wanaweza kumtoa akiwa maiti.

Majirani wametangulia. Tanzania ilifungua kliniki ya methadoni Muhimbili mwaka 2011. Zanzibar zipo nyumba ambamo walioacha unga huwaongoza wenzao wanaotaka kuacha. Kenya imewafundisha washauri wake kwa mtaala wa kimataifa wa Mpango wa Colombo. Basi mtaala upo, na walimu wako karibu.

Sisi tuliosoma ukimbizini tunajua kwamba mtu anaweza kufaulu mtihani kwa lugha yoyote, lakini aibu yake huieleza kwa lugha aliyokulia. Kijana wa Nyarugusu aliyezoea Kiswahili hatafunguka mbele ya mshauri anayemhoji kwa Kifaransa.

Kwa hiyo tunaishauri Wizara ya Afya ichague waliorejea wenye elimu ya sekondari, pamoja na watu walioacha ulevi na kudumu katika nafuu, iwafundishe kwa Kirundi na Kiswahili, kisha wafanye mazoezi chini ya wataalamu kabla ya kupewa cheti. Wapangwe kwenye vituo vya afya vya mikoa ya mpakani. Kituo cha magonjwa ya akili cha Kamenge hakiwezi kubeba nchi nzima.

Wafanyabiashara nao wana nafasi yao. Anayetafuta nafuu asinyimwe kibarua kwa sababu ya jana yake, maana kazi humsaidia asirudi alikotoka.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Maradhi haya tumeyaficha vya kutosha. Wizara itangaze lini darasa la kwanza litaanza.