Mugeni hadi lini?

Katika Kiswahili, kivumishi “-geni” kina maana mbili. Mgeni ni mtu anayewekewa kiti na kupikiwa bukari. Mgeni ni pia mtu asiyejulikana. Mzizi huo ni wa zamani katika lugha za Kibantu: Wabemba wanasema “umweni”, Waluba wa Kasai “muenyi”. Hapa Lubumbashi ni “mugeni”, na mara nyingi maana ya kiti na bukari imesahauliwa. Familia iliyokimbia Mai-Mai kule Mitwaba ikichelewa kulipa nyumba, inaweza kuambiwa tu: “Hawa ni bageni.”

Lakini kwa lugha gani? Kiswahili chenyewe kilifika Katanga na misafara ya biashara, enzi za Msiri wa Bunkeya, ambaye asili yake ilikuwa Unyamwezi. Élisabethville ilianzishwa mwaka 1910 kwa sababu ya shaba, na Union Minière ikaleta wafanyakazi toka Rhodesia ya Kaskazini, Kasai na Ruanda-Urundi. Anayemwita jirani yake mugeni anatumia lugha ngeni, katika mji uliojengwa na bageni.

Wanasiasa walilivalisha neno hilo Kifaransa: “originaire” na “non-originaire”, mwenyeji na asiye mwenyeji. Mwaka 1961 makumi ya maelfu ya watu, wengi wao Waluba, walikimbilia kambi ya ONU pembeni ya mji huu huu. Agosti 1992 Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, alichaguliwa waziri mkuu mahali pa Nguza Karl-i-Bond wa Katanga. Wakasai wakaanza kuitwa “bilulu”, yaani wadudu. Maelfu walilala kwenye gare ya Likasi wakingoja treni. Wengi walizaliwa palepale Likasi, na walikuwa wanarudishwa “kwao” wasikowahi kukanyaga.

Kifungu cha 30 cha Katiba ya 2006 kinampa kila mtu haki ya kutembea na kukaa popote nchini. Hata hivyo kadi ya mpiga kura huandika asili ya mtu, kando ya adresi yake.

Wazee walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Walioshika sururu migodini walishika jembe hilo zamani. Sasa mjukuu wao, aliyezaliwa Katuba na anayesoma Katuba, akiulizwa yeye ni wa wapi, ajibu nini?