Kirusi kimoja, majina manne: kwa nini walinzi wa mtandao wanahitaji lugha moja

Mei 12, 2017, kirusi kinachofunga mafaili ya kompyuta na kudai fidia kilisambaa duniani ndani ya saa chache. England pekee, taasisi zisizopungua 80 kati ya 236 za huduma ya afya ya umma ziliathirika, na maelfu ya wagonjwa waliahirishiwa miadi.

Wengi walikiita WannaCry. Wengine walisema WCry, WannaCrypt au WanaCrypt0r. Hata kundi lililohusishwa nacho lina majina mengi: Lazarus, Hidden Cobra, Zinc.

Kijijini hili si geni. Mtu mmoja nyumbani ni Baba Asha, shuleni ni Mwalimu, kwenye kitambulisho ni Juma. Sisi tunajua ni yuleyule. Kompyuta inayopokea maelfu ya tahadhari haijui hilo mpaka iambiwe.

Ontolojia ni nini?

Ni makubaliano ya kueleza kila kitu ni nini na kinahusianaje na kingine. Kwenye usalama wa mtandao, mojawapo ya lugha za pamoja zinazotumika ni STIX. Humo mshambuliaji, kirusi, mwanya na dalili kila kimoja kina nafasi yake. Kisha vinaunganishwa: kundi hili linatumia kirusi hiki, na kirusi hiki kinapitia mwanya ule.

Faida iko kwenye huo muunganiko. WannaCry ilikuwa mpya, lakini mwanya iliopitia ulikuwa umeshajulikana: Microsoft ilitoa marekebisho ya kuuziba Machi 2017, miezi miwili kabla. Aliyeunganisha mambo hayo mawili alijua aanzie wapi.

Hata hivyo, mpangilio mzuri hauzibi mwanya. Lazima mtu aweke marekebisho kwenye kompyuta, na taarifa zinazoingizwa ziwe sahihi.

Inakuhusu vipi?

Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" nao hufuatiliwa kwa kuunganisha taarifa. Ukisema tu "nimetapeliwa", hakuna cha kuunganisha. Hifadhi namba ya tapeli, maneno yake, siku na saa, na namba aliyotaka pesa ziende. Kwa Tanzania, namba za matapeli huripotiwa kupitia 15040. Namba uliyoitaja wewe inaweza kuwa ileile iliyomsumbua mtu wa wilaya nyingine, na hapo ndipo tapeli huanza kuonekana.