Mkahawa wa Kireno Mjini Unguja

Wapo wageni washukao bandarini Unguja ambao, kabla mizigo yao haijafika chini, huulizia mkahawa wa Kireno au wa Kihispania. Wareno, wasema, walitawala pwani hii karibu miaka mia mbili. Haikosi wameacha jiko. Wakizunguka Shangani, Kiponda na Malindi wasione kibao chenye jina la Lisbon, hukata shauri kwamba Mreno hakuacha ila kuta. (Na hata kuta hizo si zake: Ngome Kongwe ilijengwa na Waomani, mahali palipokuwa na kanisa la Kireno.) Wapo na wenyeji wasomi wawaungao mkono, tena kwa fahari: chakula cha Unguja ni cha Mswahili, na cha Mwarabu, na cha Mhindi, Mreno hamo. Hawa na wale wamekosa kosa moja, maana hapana hata mmoja wao aliyetazama sahani.

Na itazamwe bakuli ya urojo iuzwayo Forodhani jua likishatua. Itolewe mbatata, ambayo jina lake ni batata ya Kireno, ama lilifika moja kwa moja ama lilipitia Goa na Bombay. Vitolewe vile vipande vyembamba vya muhogo wa kukaanga, kwani asili ya muhogo ni Brazil, na merikebu za Kireno ndizo zilizouvusha bahari. Itolewe pilipili, nayo ni mzaliwa wa Marekani. Kitabaki nini? Rojo chachu, bajia, na mshikaki. Mtoto wa Mjini hatalipia bakuli hiyo. Na futari ya Ramadhani isiyo na muhogo wa nazi itaitwaje futari? Mahindi nayo, kwa jina lake, yadai kutoka Bara Hindi, hali yametoka Mexico. Nanasi, meza, kopo, buli, mvinyo: yote hayo ni maneno ya Kireno, na yasemwa kila siku bila ya mtu kuyashuku.

Lakini hapa pana mtego. Mwenye kuyasikia haya huenda akafanya haraka kuwashukuru Wareno. Shukrani ya nini? Mwaka 1503 Ruy Lourenço Ravasco alifika Unguja na mizinga, akateka vyombo vya watu, akamtoza mtawala wa kisiwa miskali 100 za dhahabu kila mwaka. Huyo hakuja kufundisha mapishi. Ngome ya Yesu huko Mombasa ilipoanza kujengwa mwaka 1593, Ureno yenyewe ilikuwa chini ya mfalme wa Hispania. Basi amwuliziaye Mhispania naye ajue kwamba alikuwamo. Waliojua kuulima muhogo na kuutoa sumu ni wenyeji wa Marekani; Mreno alikuwa mchukuzi. Na aliyeutia nazi ni mwanamke wa pwani hii, wala jina lake halimo katika tarehe yoyote.

Ikiwa palikuwapo jiko la Kireno Unguja, lilikuwa majumbani mwa Wagoa. Goa ilikuwa mikononi mwa Ureno tangu 1510 hata 1961, na Wagoa waliokuja Unguja kuwa makarani, washonaji na wapiga picha walikuja na nyama yao ya siki na thomu, ile ambayo Waingereza waliipokea kwa jina la vindaloo, nalo ni Kireno kilichopotoka. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wengi waliondoka, na majiko yao yakazimika. Wanafunzi wa tarehe wanaohesabu mizinga iliyobaki wangefanya kazi bora zaidi kama wangewaendea wazee waliokula katika nyumba zile, kabla nao hawajatoweka.

Badala yake hoteli ikitaka kumridhisha mgeni humwandikia kuku wa “piripiri”, kwa tahajia ya Lisbon na kwa bei ya Lisbon. Neno hilo Wareno walilipata katika pwani za Afrika. Ni pilipili ile ile. Mgeni hula, akafurahi kwamba amekipata alichokitafuta, na hatua chache nje ya mlango muuza urojo amwuliza mteja wake kama amtilie pilipili nyingi au kidogo.