Rekta ni mpya, dirisha ni lile lile



Siku rekta mpya alipopokea madaraka katika chuo kikuu kimoja cha mkoa wetu, mimi nilikuwapo, ingawa sikualikwa. Nilikuwa nimemsindikiza binti mmoja wa jumuiya yetu, mwalimu kijana, aliyekwenda kuomba karatasi yake ya pointi. Mbele ya jengo kulikuwa na hema, viti vya wageni, fanfari na hotuba. Nyuma ya jengo hilo hilo kulikuwa na dirisha lenye vyuma, na wanafunzi wapatao sitini wamesimama juani. Dirisha lilikuwa limefungwa. Tuliambiwa kwamba watumishi wote wamekwenda kumpokea rekta.

Binti huyo alihitaji karatasi ile kwa sababu shule moja ya sekondari ilikuwa imemwahidi kazi, mradi alete dosie kamili kabla ya mwisho wa juma. Alirudi kwenye dirisha mara nne. Mara ya kwanza dosie haikuonekana. Mara ya pili mwenye muhuri alikuwa safarini. Mara ya tatu aliulizwa, kwa sauti ya chini, amekuja na nini mkononi. Mara ya nne alipewa karatasi ambayo jina la baba yake limeandikwa vibaya, na shule ikaikataa. Kazi alipewa mwingine. Alimaliza masomo akiwa wa pili katika darasa lake. Leo yuko sokoni na mama yake, wanauza unga wa muhogo.

Katika nchi yetu, rekta mpya anapotajwa, maswali yetu ni yale yale. Ametoka mkoa gani? Nani amemsukuma? Ni mwanasheria au daktari? Hakuna anayeuliza ni nani atakayeketi dirishani. Lakini kwa mwanafunzi, rekta ni picha ukutani. Chuo kikuu anachokijua yeye ni apariteri anayemwandikisha, mtunza fedha anayeipokea karatasi yake ya benki, katibu wa fakulte anayeshika daftari la pointi, mtunza maktaba mwenye ufunguo, na mlinzi wa mlangoni. Kama hao wanamdharau, basi chuo kikuu chote kimemdharau, hata kama rekta ni mtu mwema anayesali rozari kila jioni.

Sisi wenye umri wetu tumeona mabadiliko mengi ya juu. Lovanium ilianza mwaka 1954 karibu na Leopoldville, mji tunaouita leo Kinshasa, chini ya Monsinyori Luc Gillon. Baadaye Tharcisse Tshibangu akawa Mkongo wa kwanza kuwa rekta wake. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Kinshasa waliandamana. Walidai posho ya masomo iongezwe, na wao wenyewe washirikishwe katika uongozi wa chuo. Askari waliwapiga risasi, na damu ya vijana wetu ikamwagika barabarani. Mwaka 1971 serikali iliunganisha vyuo vikuu vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, chenye rekta mmoja, Tshibangu huyo huyo. Mwaka 1981 ikavitenganisha tena. Majina yamebadilika, mihuri imechongwa upya, na sasa tuna mfumo wa LMD, ulioanza katika mwaka wa masomo wa 2021-2022. Lile ombi la pili la vijana wa 1969, kwamba mwenye kuhudumiwa asikilizwe namna anavyohudumiwa, bado linangoja nje. Na LMD yenyewe imeongeza foleni: dirisha moja sasa linashughulikia wanafunzi wa taratibu mbili, ya zamani na mpya, na mtumishi ambaye hakufundishwa hesabu ya krediti huwarudisha wote nyumbani.

Mwaka 1990 Papa Yohane Paulo II aliandika katika Ex Corde Ecclesiae kwamba viongozi na wasimamizi wa chuo kikuu hukikuza kwa uongozi wa utumishi. Akawakumbuka pia wafanyakazi wasiofundisha, akisema kwamba moyo na ushuhuda wao ni wa lazima kwa uhai wa chuo. Mtu atanijibu kwamba hati hiyo iliandikiwa vyuo vya Kikatoliki, na chuo ninachokisema si cha Kanisa. Ni kweli. Lakini baadhi ya watumishi wa dirisha lile ninawaona kila Jumapili katika safu ya komunyo, nami najua ubatizo wao haubaki nyumbani siku ya Jumatatu.

Ila nisiwe mwongo. Yule aliyemwuliza binti yetu amekuja na nini, nilikaa naye baadaye, kwa kuwa mtoto wake ni mwanafunzi wangu wa katekisimu. Ana miaka mingi kazini bila kuingizwa katika orodha ya mishahara ya serikali. Anaishi kwa posho ndogo inayotoka katika karo za wanafunzi, na posho hiyo hufika baada ya ile ya maprofesa, ikiwa itafika. Aliniambia, «Baba katekista, wananiita mwizi, lakini watoto wangu nao wanakula.» Sikumpa haki, kwa maana binti yule naye ana njaa. Lakini niliona wazi kwamba rekta atakayetangaza vita juu ya rushwa dirishani huku akimwacha mtu huyu bila mshahara, ametangaza hotuba tu.

Na mimi je? Ninatunza daftari la ubatizo la kituo chetu. Mwaka fulani mjane mmoja alikuja kuomba cheti cha ubatizo cha mwanawe, nami nikamwambia arudi kesho, kisha kesho kutwa, kwa sababu tu nilikuwa natayarisha ugeni wa askofu. Alitembea saa mbili kila safari. Sikumwomba hata faranga moja, nikajiona mwadilifu. Sasa naelewa kwamba siku zake tatu niliziiba bila kutia kitu mfukoni.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Rekta, sikuombi jengo jipya. Asubuhi moja, bila dereva na bila kutangaza, simama katika foleni ile nyuma ya jengo, upate kujua muda wake. Andika ukutani, kwa herufi kubwa, siku ngapi zinahitajika kwa kila karatasi, ni faranga ngapi na zinalipwa benki gani. Mwenye muhuri akisafiri, awepo wa pili. Fedha za karo zikigawanywa, watu wa dirishani wasiwe wa mwisho, na walio nje ya orodha ya serikali majina yao yapelekwe Kinshasa kwa jina lako wewe. Baada ya hayo, anayeuliza mtu amekuja na nini aadhibiwe, naye hatakuwa na la kujitetea. Wenzako katika kamati ya uongozi watakuambia kwamba hayo ni mambo madogo ya ofisi ya chini. Waulize ni lini wao walipita huko mara ya mwisho.

Shule ile imetangaza tena nafasi ya mwalimu wa Kifaransa. Binti yetu ameniomba nimsindikize, ili jina la baba yake lisahihishwe. Tutakwenda Jumatatu, saa moja asubuhi, na risiti zote nne.